Namna ya kuufuatilia mwili wako unapopigana na matumbwitumbwi

Mimi ni mtu wa maabara, upande wa vipimo vya kingamwili. Kwa miaka tisa nimepima damu za wengine na kuandika "chanya" au "hasi" bila kuumwa chochote. Kisha, nikiwa na miaka 34, Jumatatu moja asubuhi nikaweka dawa ya meno mdomoni, na papo hapo nikasikia kitu kinanibana chini ya sikio la kushoto kama koleo. Nikatazama kioo. Ndewe ya sikio ilikuwa imesukumwa juu na nje kidogo, na ile pembe ya taya unayoweza kuishika kwa kidole ukishuka kutoka sikioni haikuonekana tena. Ilikuwa imezama kwenye uvimbe.

Wako wanaouita ugonjwa huu matumbwitumbwi, wako wa machubwichubwi, na wapo wanaosema perema. Mimi siku ile sikuuita kwa jina lolote. Nilifika kazini, nikajitoa damu, nikapima IgM, kingamwili ya mwanzo wa ugonjwa, ikatoka hasi, nikapima IgG, kingamwili inayobaki miaka mingi, ikatoka chanya, tena ya juu. Nikajiambia: kinga ninayo, hili ni jino. Nikavaa koti langu jeupe nikaendelea na zamu, Jumatatu yote na Jumanne yote. Siku 17 baada ya Jumatatu ile, mwenzangu wa zamu naye akavimba.

Ninachoandika hapa ndicho nilichopaswa kukifanya tangu mwanzo. Hakichukui nafasi ya daktari. Kitakusaidia kujua kinachoendelea ndani yako siku hiyo, na kwa nini mengi unayoyahisi yanatokana na ulinzi wako mwenyewe ukiwa kazini.

Kwanza kabisa: weka siku sifuri

Chukua daftari. Siku uliyoona uvimbe iite siku 0. Halafu hesabu kurudi nyuma siku 16 hadi 18, uweke alama. Hapo ndipo huenda ulipoambukizwa, ingawa inaweza kuwa popote kati ya siku 12 na 25 zilizopita. Mimi nilipohesabu niliangukia kwenye safari ya basi ya saa nyingi, nimekaa na kijana aliyejifunga kitambaa shavuni. Sina ushahidi kuwa ni yeye. Lakini tangu siku hiyo sijasahau kitambaa kile.

Utajiuliza, inakuwaje virusi wakae mwilini wiki mbili na zaidi bila mtu kujua? Jibu liko kwenye protini moja ndogo ya virusi hawa inayoitwa V.

Virusi wa matumbwitumbwi huingia kwa pua au mdomo, kwa matone ya mate ya aliyeambukizwa, na wanaanza kuzaana kwenye ngozi laini ya njia ya hewa na kwenye tezi za limfu za jirani. Seli iliyovamiwa kwa kawaida hutoa intaferoni, kemikali iliyogunduliwa mwaka 1957 na wanasayansi Alick Isaacs na Jean Lindenmann. Wahenga walisema mbiu ya mgambo ikilia kuna jambo, na intaferoni ndiyo mbiu yenyewe: inazifikia seli za jirani, nazo zinafunga milango, zinapunguza utengenezaji wa protini, zinajiandaa. Sasa protini V haiizimi mbiu tu, inaziziba seli masikio. Ndani ya kila seli kuna protini iitwayo STAT1 ambayo kazi yake ni kupeleka habari ya intaferoni kwenye kiini. V huikamata STAT1 na kuikabidhi kwa mashine ya seli ya kusaga protini chakavu. Mbiu inalia, hakuna anayeisikia. Katika ukimya huo virusi wanaingia kwenye damu na kusambaa hadi kwenye tezi za mate, na wakati mwingine kwenye korodani, ovari, kongosho, figo na utando wa ubongo.

Kwa hiyo ukiona siku moja au mbili kabla ya uvimbe ulikuwa na uchovu, misuli inauma, hamu ya kula imepotea, ziandike nazo. Mimi Jumamosi nililala mchana, jambo nisilolifanya kamwe, nikasingizia joto.

Soma uvimbe, usiuogope

Tezi kubwa ya mate iko mbele na chini ya kila sikio. Madaktari huiita parotidi. Virusi wakishazaana kwenye seli zinazozunguka vijia vyake, seli nyeupe za damu humiminika humo: limfosaiti, zikiwemo seli T zinazoua seli iliyovamiwa kabla haijazalisha virusi zaidi. Mishipa midogo ya damu inalegea ili ziweze kupita, maji yanavuja pamoja nazo, tezi inajaa. Shavu lile kubwa, basi, ni askari wengi waliosongamana chumba kimoja pamoja na maji waliyokuja nayo.

Vijia vya mate vinabanwa na msongamano huo. Ndiyo maana dawa ya meno iliniuma: chochote chenye ladha kali, hasa kichachu, kinaiamrisha tezi kutoa mate, na mate hayana pa kupita. Kwa siku tano hivi acha vichachu. Kula laini kisichohitaji kutafunwa sana, kunywa maji kidogo kidogo mara nyingi, sukutua mdomo. Kitambaa cha baridi au cha uvuguvugu juu ya shavu, chagua kinachokutuliza wewe. Mimi baridi ilinisaidia, mwenzangu aliichukia.

Shavu la pili likivimba siku ya pili au ya tatu, hujapata ugonjwa mpya. Tezi zote mbili zilishavamiwa, moja ilichelewa tu kujaa. Na wapo wanaoambukizwa bila kuvimba popote, wakadhani ni mafua. Hao ndio wanaowaponyoka watu wa vipimo.

Jambo moja ambalo huwatisha watu bure: tezi ya mate iliyoumizwa huvujisha kimeng'enya cha amilesi kwenye damu. Ukipimwa utaambiwa amilesi iko juu, na atatokea mtu wa kukuambia kongosho limeharibika. Kongosho kweli linaweza kuguswa na virusi hawa, lakini omba kipimo cha lipesi pia, kimeng'enya cha kongosho. Lipesi haitoki kwenye tezi hizi za shavuni. Kama iko sawa na tumbo halikuumi wala hutapiki, amilesi ile inatoka shavuni.

Homa: pima, andika, tuliza inapobidi

Mimi nilikuwa 38.1 siku 0, 38.9 siku ya 2, 37.4 siku ya 4. Namba hizi zina maana zikiwa pamoja kuliko moja moja.

Seli za ulinzi zinapokutana na virusi hutoa saitokini, vijumbe vinavyosafiri na damu hadi ubongoni. Pale kwenye haipothalamasi, sehemu ya ubongo inayosimamia joto la mwili, huzalishwa kemikali iitwayo prostaglandini, nayo inapandisha kiwango cha joto ambacho mwili unakiona ndicho sahihi. Ndiyo maana unatetemeka kwa baridi wakati kipimajoto kinasema una moto: mwili unajitahidi kufika kwenye kiwango kipya. Parasetamoli hupunguza prostaglandini hiyo. Haiui virusi hata mmoja, na wala hakuna dawa maalumu ya kuwaua virusi hawa. Antibaiotiki pia hazina kazi hapa. Unameza parasetamoli ili ulale na uweze kunywa maji. Usimpe mtoto wala kijana aspirini, kwa sababu ya hatari ya ugonjwa wa Reye, ambao hushambulia ini na ubongo.

Homa kwa kawaida hushuka ndani ya siku tatu hadi tano. Ikishashuka, usiache kupima. Nitaeleza sababu mbele.

Kipimo: hapa ndipo nilipoanguka

Jumatano, shavu la kulia nalo likiwa limejaa, nilikutana kwenye korido na daktari mmoja wa makamo, mama asiyepoteza maneno. Nikamwonyesha karatasi yangu ya IgM hasi. Aliitazama, akanitazama.

"Mwanangu, mashine umeisoma vizuri," alisema. "Shavu je?"

Basi tuyasome yote mawili.

Mwili usiowahi kukutana na virusi hawa huanza kwa kutengeneza IgM, kingamwili ya haraka na isiyo stadi sana. Huonekana kwenye damu ndani ya siku chache za ugonjwa na hufika kileleni baada ya wiki moja hivi. IgG hufuata nyuma yake, hupanda taratibu, na hubaki miaka mingi. Kwa hiyo ukipima IgM siku 0 au ya 1, unaweza kupata hasi kwa sababu tu umewahi mno. Inapimwa tena kati ya siku ya 5 na ya 10.

Lakini mimi nilichanjwa utotoni, na aliyechanjwa ana hesabu nyingine. Mwili wake una seli B za kumbukumbu. Virusi wakirudi, hauanzi shule ya msingi tena. Unafungua ghala na kutoa IgG moja kwa moja. IgM inaweza kuwa kidogo, ikachelewa, au isionekane kabisa. IgG inakuwa juu tangu siku ya kwanza, kiasi kwamba hata ukilinganisha damu mbili za tarehe tofauti hutaona lile ongezeko la IgG la mara nne linalotafutwa na vitabu. Kwa hiyo karatasi yangu, IgM hasi na IgG ya juu, ilikuwa sawasawa na karatasi ya mtu aliyechanjwa ambaye yuko katikati ya matumbwitumbwi. Miaka tisa ya kazi, na niliisoma kinyume. Nilirudia IgM siku ya 9 kwa udadisi tu. Hasi tena.

Kipimo kinachokata mzizi wa fitina ni cha PCR, kinachotafuta RNA, yaani vinasaba vya virusi wenyewe, na hakijali kingamwili. Sampuli yake inataka mkono wenye subira. Kwanza tezi inakandwa kwa nje, chini ya sikio, kwa sekunde 30. Kisha kijiti chenye pamba kinapitishwa ndani ya shavu, mkabala na gego la pili la juu, mahali mdomo wa kijia cha mate unapofungukia. Ukiruka kukanda, mate yenye virusi hayashuki vya kutosha. Na sampuli ichukuliwe mapema, ndani ya siku tatu za kwanza za uvimbe ikiwezekana. Kwa aliyechanjwa hili lina uzito zaidi, maana yeye hutoa virusi kidogo na kwa muda mfupi. PCR hasi nayo, kukiwa na shavu la namna hii na mgonjwa mwingine karibu, haifuti ugonjwa.

Sampuli yangu ilichukuliwa Jumatano hiyo hiyo. Alhamisi ikatoka chanya.

(Shavu huvimba kwa mambo mengine pia: virusi wa parainfluenza, wa Epstein-Barr, wa mafua makali, jiwe kwenye kijia cha mate, bakteria. Na parainfluenza inaweza hata kuidanganya IgM itoke chanya. Kwa hiyo usihukumu kwa kipimo kimoja, iwe kwa kukiri au kukana.)

Jitenge siku tano, na ujue kwa nini ni tano

Hesabu siku tano baada ya uvimbe kuanza. Kaa chumba chako, kikombe chako, taulo lako, na ukikohoa funika.

Mate yana kingamwili zake, IgA, zinazotengenezwa kwenye tezi zenyewe na kumwagwa mdomoni. Hizi hushikamana na virusi pale pale kwenye utelezi, kabla hawajatoka. Inachukua mwili kama siku tano tangu ugonjwa uanze kuzitoa za kutosha, na virusi kwenye mate hupungua sambamba na kutokea kwao. Tarehe hiyo imewekwa na IgA. Tatizo ni kwamba uambukizaji huanza kabla ya uvimbe, siku mbili hivi, wakati hujui chochote. Hata kama ningebaki nyumbani tangu Jumatatu, huenda mwenzangu angeambukizwa Jumamosi, tulipokaa darubini moja. Hilo halinipi nafuu sana. Jumatatu na Jumanne zilikuwa hiari yangu.

Homa ikirudi

Nilisema usiache kupima. Jumapili, siku ya 6, saa tano usiku, shavu limeshaanza kupungua, nilipata baridi ya ghafla. Kipimajoto kikasema 39.2. Nusu saa baadaye korodani ya kulia ilikuwa nzito na inauma hata shuka likiigusa.

Kwa wanaume waliobalehe wasiochanjwa wanaougua matumbwitumbwi, hii huwapata kati ya asilimia 15 na 30. Kwa waliochanjwa ni wachache zaidi, nami nikawa mmoja wao. Mara nyingi huja siku 4 hadi 8 baada ya shavu, ingawa inaweza kuchelewa hadi wiki sita. Korodani ni mahali pa ajabu kwa ulinzi wa mwili. Mbegu za kiume huanza kuzalishwa wakati wa kubalehe, baada ya kinga kwisha kujifunza kipi ni chake na kipi ni kigeni, kwa hiyo mwili umejenga ukuta wa kuzuia seli za ulinzi zisiingie hovyo. Virusi wakiingia, ukuta unavunjika, seli nyeupe zinamiminika kama zilivyofanya shavuni. Tofauti ni kwamba shavu lina nafasi ya kutanuka. Korodani imefungwa kwenye gamba gumu lisilonyumbuka. Msongamano ule ule unageuka shinikizo, na shinikizo ndilo linaloua seli zinazozalisha mbegu.

Cha kufanya: lala chali, inyanyue kwa taulo lililokunjwa, weka baridi kupitia kitambaa, tumia dawa ya maumivu uliyoruhusiwa na daktari. Na uende kuonwa, usione haya. Korodani iliyojisokota nayo huanza kwa maumivu ya ghafla, nayo inahitaji upasuaji ndani ya saa chache au inakufa. Usiku ule sikusubiri asubuhi, japo nilikuwa na hakika ya ugonjwa wangu. Nimeshaeleza hakika yangu ina thamani gani.

Kuhusu ugumba, mambo yanayosemwa mtaani yamepita kiasi. Karibu nusu ya korodani zilizoathirika husinyaa kidogo, lakini kwa walio wengi ni ya upande mmoja, na nyingine huendelea na kazi. Kushindwa kabisa kuzaa ni nadra. Kwa wanawake ovari zinaweza kuvimba, wakahisi maumivu ya tumbo la chini na homa, matiti pia.

Kuna dalili nyingine ambazo hazingoji. Maumivu makali ya kichwa yenye shingo ngumu, mwanga unaoumiza macho na kutapika ni ishara kwamba utando wa ubongo umehusika. Nusu ya wagonjwa wanaweza kuwa na seli nyeupe kwenye maji ya uti wa mgongo bila hata kuhisi, kwa hiyo virusi kufika huko si ajabu. Dalili ndizo za kukukimbiza hospitali. Usingizi usioamshika, degedege, kuchanganyikiwa, kimbia zaidi. Kila asubuhi sugua vidole viwili karibu na sikio moja, kisha lingine. Ikiwa upande mmoja umekuwa kimya, sema siku hiyo hiyo. Uziwi wa matumbwitumbwi ni nadra, kwa kawaida ni wa sikio moja, na unaweza kubaki maisha yote.

Baada ya uvimbe kushuka

Shavu langu lilirudi siku ya 8, korodani siku ya 13. Uchovu ulinikalia wiki tatu.

Virusi hawa wana koo nyingi za vinasaba lakini aina moja tu ya sura mbele ya kingamwili, kwa hiyo aliyeugua mara moja kwa kawaida haugui tena. Chanjo inafuata njia hiyo hiyo kwa virusi waliodhoofishwa. Ile inayotumika sana ilianza mwaka 1963, mtaalamu wa chanjo wa Marekani, Maurice Hilleman, alipopitisha pamba kooni mwa binti yake Jeryl Lynn aliyekuwa na matumbwitumbwi. Ikaidhinishwa Marekani mwaka 1967, na virusi wake hadi leo wanaitwa Jeryl Lynn. Dozi mbili huzuia ugonjwa kwa takriban asilimia 88, dozi moja 78, na kinga hufifia kadiri miaka inavyokwenda. Mimi nilikuwa na dozi moja. Ukigundua umekaa na mgonjwa, chanjo ya leo haitazuia maambukizi yaliyokwisha kuingia, lakini itakulinda kwa ya kesho. Chanjo hii hawapewi wajawazito wala wenye kinga dhaifu sana, maana virusi wake wako hai.

Mwenzangu alipovimba alinipigia simu kabla ya kuingia kwenye jengo. Nilimkuta nje, chini ya mti, nimevaa barakoa na glavu. Nikaweka kidole chini ya sikio lake nikaanza kukanda, nikihesabu kwa sauti.

"Ishirini inatosha, bwana, inauma," akasema.

Nikaendelea hadi thelathini.